Kofia ya Mtoto Mchanga: Pima, Hesabu, Andika

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno ya mwalimu yamechapwa hapa kama yalivyosemwa, ili kikundi kiweze kuyasoma tena baada ya kipindi.

   

Kaeni kwa kikundi. Ndivyo walivyofanya wazazi wetu mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, walipoizunguka redio na kujadiliana walichokisikia. Kila mmoja awe na daftari na kalamu. Anayefuma aweke karibu sindano zake na uzi. Kikundi kiwe na utepe wa kupimia. Kama hakuna utepe, uzi mrefu na rula vitatosha. Nitawaeleza jinsi ya kuvitumia.

Somo letu la leo ni kufuma kofia ya mtoto mchanga. Najua wengi wenu mnajua kufuma kuliko mimi, kwa hiyo sikuja kufundisha mikono yenu. Nimekuja kuzungumza juu ya mambo matatu ambayo fundi mzuri huweza kuyasahau: kupima, kuhesabu na kuandika.

Kwanza tutazame neno lenyewe. Mkeka husukwa. Kanzu hushonwa. Sweta hufumwa. Katika kufuma tunatumia sindano mbili ndefu na uzi mmoja. Uzi huo hufanya vitanzi vingi, na kila kitanzi hushikwa na kitanzi kilicho juu yake. Ukikiacha kimoja kidondoke, vya chini yake huanza kufumuka. Kufuma na kufumua ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa nitawaambia kwa nini nimechagua kofia.

Wengi wenu mnaishi mahali pa baridi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Makete ni baridi, Lushoto kadhalika. Majirani zetu wa Kenya walioko Limuru na Nyandarua wanaijua hali hiyo. Mwezi wa Juni, Julai na Agosti mtu mzima hujifunika blanketi na bado hutetemeka. Mtoto aliyezaliwa usiku wa Julai afanye nini?

Dada yangu alijifungua katika mwezi kama huo, kabla ya siku zake kutimia. Mtoto alikuwa na uzito wa gramu 1,900. Shirika la Afya Duniani husema mtoto anayezaliwa akiwa chini ya gramu 2,500 ana uzito pungufu. Kwa hiyo mjomba wake, yaani mimi, nilishika sindano. Mama yangu alinifundisha kufuma nikiwa mdogo. Nilifuma siku mbili, nikaenda hospitali na kofia yangu ya rangi ya njano, nikijiona fundi.

Muuguzi aliitazama kofia, akamvika mtoto. Ikamfunika macho na pua. Muuguzi akaniuliza, "Mjomba, kofia hii ni ya mtoto au ya baba yake?"

Wote wodini walicheka, na mimi nikacheka, lakini moyoni niliona haya. Mtoto yule alihitaji kofia saa ile, wala si baada ya mwaka. Muuguzi alimfunga kichwani kitambaa safi kilichokunjwa. Mimi nilitoka nje na kofia yangu mfukoni.

Nilikosea wapi? Uzi ulikuwa mzuri, na vitanzi vilikuwa sawasawa. Kosa langu ni kwamba sikupima. Nilikadiria kwa kichwa cha binti yangu, ambaye alikwisha timiza mwaka. Kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja hufika kama sentimita 46. Kichwa cha mpwa wangu kilikuwa sentimita 30. Jicho langu lilinidanganya kwa sentimita 16.

Haya, andikeni daftarini: JICHO HUKADIRIA, UTEPE HUPIMA.

(Mwalimu ananyamaza kidogo. Wanafunzi wanaandika.)

KWA NINI MTOTO MCHANGA HUPOTEZA JOTO

Mtoto anapozaliwa, mwili wake una majimaji, na majimaji yanapokauka huondoka na joto. Ana mafuta machache chini ya ngozi, na mtoto wa uzito pungufu ana machache zaidi. Tena kichwa chake ni kikubwa ukikilinganisha na mwili. Kichwa kikiachwa wazi penye baridi, joto jingi hupotea hapo.

Joto la mwili wa mtoto mchanga linatakiwa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Hizo ni nyuzi za joto, hazifumwi! Likishuka chini ya 36.5, mtoto hutumia nguvu zake kujipasha moto, badala ya kuzitumia kunyonya na kukua.

Dawa ya kwanza ya baridi ni kifua cha mama. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwaweka watoto waliozaliwa kabla ya wakati vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo ikaitwa ya kangaruu, kwa mfano wa mnyama wa Australia anayembeba mwanawe katika mfuko wa tumboni. Leo hutumika duniani kote. Mtoto hukaa kifuani kwa mama akiwa hana nguo mwilini, isipokuwa nepi, soksi na kofia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wote waliozaliwa kabla ya wakati au wenye uzito pungufu wawekwe hivyo mapema baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Mama akichoka, baba au bibi anaweza kushika zamu.

Mmeona basi. Kifua cha mama hupasha mwili joto, na maziwa yake humpa mtoto nguvu. Kofia hulinda kichwa kilichobaki nje. Kofia peke yake haimtibu mtoto. Mtoto akiwa baridi, akiwa mlegevu, au akikataa kunyonya, apelekwe kituo cha afya mara moja, akiwa kifuani kwa mama yake.

KUPIMA

Sasa tuanze kazi. Chukueni uzi au utepe. Uzungushe kichwani mwa mtoto, juu kidogo ya nyusi na juu ya masikio, hadi nyuma palipotokeza zaidi. Usiukaze. Kama ni uzi, shika kwa kidole mahali unapokutana, kisha unyooshe juu ya rula usome sentimita.

Kichwa cha mtoto aliyetimiza siku zake huwa kati ya sentimita 33 na 37 mara nyingi. Tuseme tumepata 35.

Kofia iliyofumwa hunyumbuka. Ukiifuma sawasawa na kichwa italegea na kuvuka. Kwa hiyo tunapunguza sentimita 2 au 3. Andikeni:

35 − 3 = 32

Kofia yetu itakuwa na mzunguko wa sentimita 32.

KUHESABU

Je, sentimita 32 ni vitanzi vingapi? Hapa ndipo wengi tunapopotea. Mwingine atasema, "Jirani yangu alianza na vitanzi 66, na mimi nitaanza na 66." La, ndugu zangu. Mkono wa jirani si mkono wako. Mmoja hukaza uzi, mwingine huulegeza. Uzi wake pengine ni mnene, wako mwembamba.

Kwa hiyo fuma kwanza kipande cha kujaribia. Weka vitanzi 24 kwenye sindano. Fuma mstari mmoja wa vitanzi laini na mstari mmoja wa vitanzi vya nundu, kwa kupokezana, mpaka kipande kifike urefu wa sentimita 12 hivi. Katika somo hili, kitanzi laini ni kile kinachoonekana kama herufi V upande unaoutazama. Kitanzi cha nundu ni kile kinachotokeza kama kifundo kidogo. Kama kwenu mna majina mengine, tumieni mliyoyazoea. Na ambaye hajui bado kuvifuma, akae na mwenzake anayejua. Mkono hufundishwa na mkono. Redio haiwezi kazi hiyo.

Kilaze kipande mezani, usikivute. Weka rula katikati, uhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10. Tuseme umepata 20. Basi kila sentimita moja ina vitanzi 2. Andikeni:

32 × 2 = 64

Ongeza vitanzi 2 vya pembeni, vitakavyoingia ndani ya mshono:

64 + 2 = 66

Sasa sikilizeni hasara ya kuiga. Mama mmoja hukaza uzi, na kipande chake kina vitanzi 25 katika sentimita 10. Akianza na 66 kama jirani, kofia yake haitafika hata sentimita 26. Itambana mtoto. Mwingine hulegeza, ana vitanzi 16 katika sentimita 10. Kofia yake itakuwa sentimita 40, itamfunika macho kama ile yangu. Wote wawili walianza na hesabu ya mtu mwingine.

Kipande cha kujaribia huchukua muda wa jioni moja. Kofia isiyotosha huchukua jioni tatu, halafu unaifumua.

KUFUMA KOFIA YENYEWE

Weka vitanzi 66. Kwa ukingo, fuma laini 2, nundu 2, laini 2, nundu 2, hadi mwisho. Utamaliza kwa laini 2. Unaporudi, fuma kama unavyoviona: kilicho laini kifume laini, chenye nundu kifume cha nundu. Endelea hivyo kwa sentimita 4. Ukingo wa namna hii hujikaza wenyewe, na ndio unaoizuia kofia kuvuka.

Baada ya ukingo, upande wa nje fuma vitanzi laini vitupu. Unaporudi upande wa ndani, fuma vya nundu vitupu. Endelea mpaka kofia ifike sentimita 9 kutoka chini. Mtoto mdogo sana atosheke na 7 au 8.

Sasa tunapunguza utosi. Upande wa nje, fuma kitanzi 1 laini. Kisha fuma laini 6, halafu vitanzi 2 kwa pamoja viwe kimoja. Rudia laini 6 na 2 kwa pamoja mpaka iwe mara 8. Malizia na kitanzi 1 laini. Upande wa ndani, fuma vya nundu tu, bila kupunguza.

Safari ya pili ya kupunguza, badala ya laini 6 fuma 5. Safari ya tatu fuma 4. Endelea hivyo kushuka hadi 1. Safari ya mwisho usifume laini katikati. Fuma viwili viwili kwa pamoja mara 8, na kile kimoja cha kila pembeni kibaki peke yake.

Kila safari vinapungua vitanzi 8. Haya, darasa lote kwa sauti:

66, 58, 50, 42, 34, 26, 18, 10.

(Darasa linahesabu.)

Vizuri sana. Mnaona hesabu ya kutoa inavyokaa kichwani mwa mtoto? Kila ukimaliza safari, hesabu vitanzi vyako. Kama sindano ina 49 mahali pa 50, kitanzi kimedondoka. Kitafute sasa hivi, kabla hakijakimbia chini.

Vikibaki vitanzi 10, kata uzi ukiacha kama sentimita 40. Upitishe kwa sindano ya kushonea ndani ya vitanzi vyote 10, uvute ukaze, kisha unganisha pembe mbili za kofia kwa uzi huo huo mpaka chini.

Ficha vizuri ncha za uzi. Uzi unaoning'inia ndani ya soksi au ya kifuko cha mikono huweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu. Tena usitie vifungo, shanga wala kamba za kufunga shingoni. Mapambo hayo humfurahisha mtu mzima, lakini mtoto huweza kuyameza au kukabwa nayo.

UZI NA SINDANO

Pengine mwasema, "Mwalimu, uzi una bei." Ni kweli. Lakini kofia ya mtoto mchanga huhitaji uzi kidogo. Sweta kuukuu, safi na lisilooza, laweza kufumuliwa. Uzi wake hutoka umejikunja. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, uufunge mahali pachache usivurugike, uufue, kisha uuanike ukining'inia. Utanyooka. Sindano nazo zaweza kuchongwa kwa mwanzi mkavu na kulainishwa kwa msasa, mradi zote mbili ziwe na unene sawa.

Uzi wa sufu haupendi maji ya moto wala kusuguliwa. Hujishika na kufupaa. Ufue kwa maji ya uvuguvugu, uukamue kwa kuubana, uuanike umelazwa. Uzi wa nailoni na wa akriliki hufulika kwa urahisi, lakini huyeyuka na kunata penye moto. Usikae karibu na jiko na kazi hiyo, wala usimweke mtoto karibu na moto akiwa amevaa. Uzi wa aina yo yote ufuliwe kabla mtoto hajaivaa kofia.

Na tuwe na kiasi. Msikilizaji wa Dar es Salaam au Mombasa asimvike mtoto sufu mchana wa joto kwa sababu amesikia redioni. Mguse mtoto kifuani au shingoni nyuma. Akiwa na jasho au joto kali, mpunguzie nguo. Mtoto mwenye afya, aliyekwisha pita siku zake za kwanza, anapolazwa kitandani ndani ya nyumba yenye joto avuliwe kofia.

KUANDIKA

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ilivyo kofia bila daftari. Ukimaliza, fungua ukurasa mpya, uandike hivi:

Tarehe.
Jina la mtoto.
Kichwa: sentimita 35.
Kofia: sentimita 32.
Kipande cha kujaribia: vitanzi 20 kwa sentimita 10.
Vitanzi vya kuanzia: 66.
Uzi gani, sindano gani.

Mistari saba tu. Mwakani ukiulizwa kofia nyingine, huanzi gizani. Binti yako akitaka kujifunza, atasoma. Na mteja akija kuagiza kofia kumi, utajua uzi uliotumika katika moja, nawe utapanga bei bila kubahatisha.

Neno moja kwa wanaume. Wapo darasani wanaocheka wakisema kufuma ni kazi ya wanawake. Nendeni kwa mawazo hadi kisiwa cha Taquile, katika ziwa Titicaca, nchi ya Peru, mahali palipo juu zaidi ya mita 3,800. Huko wanaume ndio wanaofuma kofia, na wavulana hujifunza wangali wadogo. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi yao ya ufumaji kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu. Mjomba, baba na babu, sindano hazichagui mkono.

Turudi hospitalini nilikoiacha kofia yangu. Usiku ule niliifumua yote. Nilikuwa nimempima mtoto kwa uzi, nikapata 30. Nyuma ya karatasi moja niliandika: 30 − 2 = 28. 28 × 2 = 56. 56 + 2 = 58. Nikaweka vitanzi 58, na kwenye utosi nikaanza na laini 5 badala ya 6. Asubuhi muuguzi aliivika. Ilikaa juu kidogo ya nyusi, masikio ndani. Hakusema kitu, alimrudisha mtoto kifuani kwa mama yake, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Kilichomponya mtoto ni kifua cha mama, maziwa, na kazi ya wauguzi. Kofia ilifanya sehemu yake ndogo, na iliweza kuifanya kwa sababu ilimtosha. Mtoto yule sasa yuko darasa la pili. Karatasi ile nimeibandika ukurasa wa kwanza wa daftari langu. Kila mwaka, ifikapo Mei, huja mwenyewe na utepe mkononi, akisema, "Mjomba, nipime." Mwaka huu alisoma namba yeye mwenyewe: 52.

ZOEZI

1. Mtoto ana kichwa cha sentimita 35. Kipande chako kina vitanzi 25 katika sentimita 10. Utaanza na vitanzi vingapi? (Jibu: 32 × 2.5 = 80; 80 + 2 = 82. Safari ya kwanza ya kupunguza, fuma laini 8, kisha 2 kwa pamoja.)

2. Andika namba za kushuka kutoka 82 hadi 10, ukitoa 8 kila mara.

3. Jadilianeni: katika kijiji chenu, mtoto akizaliwa usiku wa baridi, nani humsaidia mama kumpasha joto? Baba hufanya nini?

4. Kila mwanafunzi ampime mtu mmoja wa nyumbani mwake, aandike mistari saba daftarini, ailete kipindi kijacho.

Ndugu wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Pimeni, hesabuni, andikeni. Kwaherini.